Jeki ya Mjomba na Barafu ya Bridgman

Mjomba wangu alikuwa fundi wa jeki. Magari aliwaachia wengine. Yeye aliletewa jeki zilizochoka, zile fupi za chupa na zile ndefu za kukokota, akazifungua, akazisafisha, akazirudishia nguvu. Kibanda chake kilikuwa Gerezani, Dar es Salaam, katikati ya kelele za wachomeleaji na wauza vyuma chakavu. Nilipokuwa shule ya msingi nilishinda pale likizo nzima. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyuma kwa dizeli, kumulika tochi, na kwenda kufuata chai.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Kaa hapo, usikanyage oili."

Jeki ina ugonjwa mmoja mkubwa: kuvuja. Ukiinyanyulia mzigo inapanda vizuri, halafu taratibu inaanza kushuka yenyewe, na chini yake unaona alama ya oili. Siku moja nilimuuliza kwa nini asikaze tu nati mpaka mwisho, yaishe. Akanijibu bila kuinua uso: "Ukikaza sana unaua mpira. Usipokaza inavuja. Na hata ukikaza vizuri, presha ikizidi ile uliyokaza nayo, itapita tu. Presha haibishani na mtu."

Sikujua wakati ule kwamba ameniambia, kwa sentensi chache, tatizo lililowakwamisha wanafizikia wa Ulaya hadi mwishoni mwa karne ya 19. Na sikujua kwamba aliyelitatua alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwanafunzi wa uzamivu, aliyekuwa anasubiri kifaa chake kilichovunjika kiletwe kwa meli.

Kwa huyo kijana nilifika kwa njia ya riwaya, na naona si vibaya kuanzia hapo kwa kuwa sisi hapa ni watu wa riwaya. Mwaka 1963 Kurt Vonnegut alitoa kitabu chake Cat's Cradle. Ndani yake mna barafu ya kubuni, namba tisa, isiyoyeyuka kwa joto la kawaida, na kila maji inayoyagusa yanageuka kuwa barafu kama yenyewe. Ukiidondosha baharini, dunia imekwisha. Nilipomaliza kusoma nilibaki na swali la mwandishi wa habari, yaani swali la kijinga lakini la lazima: kama hii ni ya tisa, nyingine nane ziko wapi?

Kumbe nyingi zipo kweli. Riwaya ile ilipotoka, orodha ya barafu halisi ilikuwa imefika namba saba. Barafu ya kwanza ni hii tunayoijua, ile ya ubuyu tuliyonunua kwenye vifuko vya nailoni. Ya pili na ya tatu zilipatikana kwa Gustav Tammann, mwanakemia aliyefanya kazi Ujerumani, mwaka 1900. Ya tano, ya sita na ya saba zina jina la mtu mmoja tu nyuma yake: Percy Williams Bridgman.

Mtoto wa mwandishi wa habari

Bridgman alizaliwa tarehe 21 Aprili 1882 mjini Cambridge, Massachusetts, Marekani. Baba yake alikuwa mwandishi wa habari za siasa za jimbo, mtu wa dini sana, na alitamani mwanawe ajiunge na kanisa lake. Kijana alikataa. Kwa waliomsoma baadaye, huu ndio mwanzo wa tabia yake yote: hakukubali jambo ambalo hakuweza kulipima mwenyewe.

Mwaka 1900 aliingia Chuo Kikuu cha Harvard, karibu kabisa na alipozaliwa, na hakuondoka hadi alipostaafu mwaka 1954. Shahada ya uzamivu aliipata mwaka 1908. Utafiti wake wa kanieneo kubwa ulianza mwaka 1905, akiwa na miaka 23.

Nisimame kidogo kwenye neno hili, kanieneo. Shuleni tulilikariri bila kulipenda, mitaani tunasema presha na maisha yanaendelea. Lakini waliolitunga walifanya kazi nzuri, maana neno lenyewe limebeba fomula: kani juu ya eneo. Nguvu ileile ukiibana kwenye eneo dogo, kanieneo inapanda. Ndiyo maana sindano inapenya na kidole hakipenyi. Ukilielewa neno hilo vizuri, umeshaelewa nusu ya ugunduzi wa Bridgman.

Kabla yake, bingwa wa fani alikuwa Mfaransa Émile Amagat, aliyefika karibu mara 3,000 ya kanieneo ya hewa tunayovuta. Si kidogo hiyo. Chini kabisa ya bahari yenye kina kuliko zote duniani, kanieneo ni kama mara 1,100 tu. Lakini hapo kwenye 3,000 ndipo kazi ilipoishia, na sababu ni ile ya mjomba. Unajaza silinda kimiminika, unaziba kwa mpira au ngozi, unakaza nati. Kizibo kinashikilia mradi kimebanwa kwa nguvu kuliko kimiminika kinavyosukuma. Kimiminika kikizidi, kinavuja. Ukikaza zaidi unaharibu kizibo, au unakata bolti. Presha haibishani na mtu.

Kifaa kilipovunjika

Bridgman hakuanza na nia ya kuvunja rekodi ya mtu. Alitaka kujua jinsi mwanga unavyopinda ndani ya vimiminika vilivyobanwa. Kwa kazi hiyo alihitaji chombo chenye sehemu ya kioo, ili mwanga upite. Kioo kikapasuka na kuharibu sehemu muhimu ya mtambo, na kipuri ilibidi kiagizwe kutoka Ulaya. Enzi hizo kuagiza kitu Ulaya maana yake ni meli na subira.

Hapa ndipo historia nyingi za sayansi hukimbia. Zinasema "kwa bahati" halafu zinaruka kwenda kwenye ushindi. Mimi ningependa tukae kidogo katika wiki zile za kusubiri. Kijana ana mtambo nusu, tasnifu haijaandikwa, na hakuna cha kumwonyesha msimamizi. Angeweza kabisa kukaa. Badala yake akaamua kuutumia mtambo uliobaki kwa kazi nyingine, na kwa kuwa alitaka kuufungua na kuufunga haraka haraka, akabuni kizibo kipya. Alipokaa kukichambua akagundua jambo ambalo hakulipanga: kizibo kile kilijikaza chenyewe. Kanieneo ilivyopanda, nacho kilizidi kubana.

Nitajaribu kukieleza kama ningemweleza mjomba. Fikiria uyoga wa chuma umelala ndani ya silinda. Kichwa cha uyoga kinatazama ndani, kwenye kimiminika. Shina linaelekea nje, limepita katikati ya pete ya mpira. Nyuma ya pete kuna nati iliyokazwa, yenye tundu katikati, na shina linaingia kwenye tundu hilo bila kuegemea kitu chochote mbele yake. Sasa kimiminika kinasukuma kichwa chote cha uyoga. Nguvu hiyo yote lazima ipokewe na kitu. Shina haliwezi kuipokea, maana liko hewani. Kwa hiyo inapokewa na pete peke yake, na pete ina eneo dogo kuliko kichwa, kwa sababu katikati yake pamechukuliwa na shina.

Kani ni ileile, eneo ni dogo. Kama kichwa kina eneo la sehemu nne na shina limechukua moja, pete imebaki na tatu. Kimiminika kikisukuma kwa 3,000, pete inabanwa kwa 4,000. Kikisukuma kwa 6,000, pete inabanwa kwa 8,000. Siku zote pete iko mbele. Kimiminika kinachotaka kutoroka ndicho kinachofunga mlango.

Ni wazo ambalo ukishalisikia unajiuliza kwa nini halikufikiriwa mapema. Tangu siku hiyo kuvuja si tatizo tena. Kikomo kilichobaki kilikuwa kimoja tu, uimara wa chuma chenyewe. Mwaka 1909 Bridgman alichapisha makala zake tatu za kwanza, akiwa amefika kwenye kanieneo zaidi ya mara mbili ya ile ya Amagat. Muda si mrefu 12,000 ikawa kazi ya kila siku. Hizo ni kama tani 12 kwenye eneo la ukucha wa kidole kidogo.

Kupima mahali pasipo na kipimo

Lakini kuna swali ambalo mimi, mtu wa habari, nalipenda kuliko hata kizibo. Ukifika mahali ambapo hakuna mtu amewahi kufika, unajuaje kuwa umefika? Hakuna geji dukani inayosoma 12,000. Aliyetengeneza geji hakuwahi kuwa na kitu cha kuijaribia.

Hili ndilo lililochukua miaka yake ya mwanzo, na makala zile za 1909 kwa sehemu kubwa zinahusu hilo. Kwanza alitumia njia ya moja kwa moja: pistoni ndogo iliyokerezwa kwa umakini, kimiminika kikiisukuma kutoka chini na mizigo ikipangwa juu yake hadi ilingane. Unajua uzito, unajua eneo, unagawanya. Kanieneo kama neno linavyosema. Njia hiyo ni ya uhakika lakini ni ngumu, huwezi kuifanya kila asubuhi. Kwa hiyo akatafuta kipimo cha pili, chepesi, akakilinganisha na cha kwanza. Alichukua zebaki ndani ya mrija mwembamba wa kioo na kupitisha umeme. Zebaki ikibanwa, ukinzani wake kwa umeme unapungua kwa utaratibu unaoweza kuandikwa kwenye jedwali. Hiyo ndiyo ilikuwa mada ya tasnifu yake.

Sasa angalia vituko vya dunia. Zebaki ikibanwa sana inaganda. Kwenye nyuzi sifuri, ikifika karibu 7,600 inakuwa kitu kigumu, na geji yako imekufa mikononi mwako. Yaani kipimo alichopatia shahada kilikuwa na ukuta mbele yake. Akakihama, akaenda kwenye waya wa manganini, mchanganyiko wa shaba, manganizi na nikeli, ambao ukinzani wake hupanda kadiri unavyobanwa. Na ile zebaki hakuitupa. Mahali inapogandia pakawa alama barabarani, kama jiwe la maili, pa kusahihishia geji nyingine.

Nadhani mwanafalsafa Bridgman alizaliwa hapa. Mwaka 1927 alichapisha kitabu chake cha The Logic of Modern Physics, na humo alishikilia kwamba maana ya dhana yoyote ya kisayansi ni zile hatua unazofanya ili kuipima. Kama huwezi kusema utapimaje, hujasema kitu. Kitabu hicho kilisababisha mabishano makubwa hadi kwa wanasaikolojia. Wengi wanasema alishtushwa na Einstein, na ni kweli. Lakini mtu aliyetumia ujana wake kuuliza "elfu kumi na mbili maana yake nini, na nani ameihesabu?" hakuhitaji kushtuliwa sana.

Maji, yai, fosforasi

Akiwa na kizibo na kipimo, alifanya kile ambacho mtoto yeyote angefanya. Alichukua vitu alivyokuwa navyo karibu akavibana, aone vitakuwaje.

Alianza na maji. Mwaka 1912, akiwa na miaka 30, alichapisha makala ndefu kuhusu maji katika hali ya kimiminika na aina tano za barafu. Barafu yetu ya kawaida ina tabia ya ajabu ambayo tumeizoea hadi hatuioni: inaelea. Ni nyepesi kuliko maji yaliyoizaa, na ukiibana inayeyuka kirahisi zaidi, hadi karibu nyuzi 22 chini ya sifuri. Wengi wangeishia hapo wakaamini kwamba kanieneo huyeyusha barafu. Ukiendelea kubana, maji yanabadili mpangilio wake wa ndani, inatokea barafu nyingine, nzito, inayozama. Na tangu hapo mambo yanageuka: kadiri unavyobana, ndivyo inavyokuwa ngumu kuyeyuka. Kwenye kanieneo ya 20,000 hivi, Bridgman aliona barafu ya sita ikibaki imara kwenye nyuzi zaidi ya 70. Ungeweza kuungua kwa barafu hiyo, kama ungeweza kuifikia.

Kisha yai. Mwaka 1914 alibana ute mweupe wa yai, bila moto, katika joto la kawaida la chumba. Kwenye 5,000 ukaanza kuwa mzito. Kwenye 7,000, baada ya nusu saa, ukatoka umeganda, unasimama wenyewe kama yai lililochemshwa. Makala yake ni fupi sana, haina mbwembwe. Leo viwanda vya juisi sehemu mbalimbali duniani huua vijidudu kwa kubana chupa kwenye kanieneo ya namna hiyo badala ya kuzichemsha, ili ladha ya tunda isiharibike. Aliyebana yai hakuwa akifikiria juisi.

Mwaka huohuo akabana fosforasi nyeupe, ile inayowaka yenyewe hewani, kwenye 12,000 na nyuzi 200. Alitarajia ipate kugeuka kuwa nyekundu. Ikatoka nyeusi, inapitisha umeme, haiwaki ovyo, imetulia kama makaa. Fosforasi nyeusi ilikaa kwenye vitabu kwa muda wa miaka 100 bila mtu kuijali sana. Mwaka 2014 wanasayansi walipoibandua katika matabaka membamba mno na kutengeneza nayo transista, ghafla kila maabara ikaitaka.

Jambo lililonigusa katika kusoma haya yote ni namna yalivyofanyika. Bridgman alifanya kazi na watu wachache mno. Vyuma vyake alivikereza mwenyewe, akisaidiwa na fundi wa karakana. Chuma kikipasuka, na kilipasuka mara nyingi, alitengeneza kingine. Maabara yake ilikuwa ndugu wa kibanda cha Gerezani kuliko zile maabara nyeupe tunazoziona kwenye filamu.

Alichoshindwa, na alichoshiriki

Kitu kimoja alikitafuta maisha yake yote na hakukipata: kugeuza grafiti, hii ya kwenye penseli, kuwa almasi. Aliibana kwa kila namna. Almasi ilitengenezwa Desemba 1954 na watafiti wa kampuni ya General Electric mjini Schenectady, New York, waliotumia kanieneo na joto kali kwa pamoja, na metali ya kuyeyushia kaboni. Walikuwa wanatembea kwenye barabara aliyoichonga yeye.

Schenectady, General Electric. Ndipo alipofanya kazi Kurt Vonnegut mwishoni mwa miaka ya 1940, katika ofisi ya mahusiano ya umma, na kaka yake Bernard akiwa mtafiti hapohapo. Wazo la barafu ya kutisha lilitoka kwa mwanasayansi mwingine wa kampuni hiyo, Irving Langmuir, aliyewahi kumpendekezea mwandishi H. G. Wells. Wells hakuliandika. Vonnegut akaliokota. Barafu ya tisa ya kweli ilikuja kuelezwa miaka michache baada ya riwaya, na haina madhara yoyote kwa bahari. Na mwaka 2018 wanasayansi waliripoti kwamba wamekuta barafu ya saba, ile ya Bridgman ya mwaka 1937, imenaswa ndani ya almasi asilia, baadhi zikiwa za kusini mwa Afrika. Barafu ndani ya almasi. Kama ningeisoma kwenye riwaya ningesema mwandishi amezidisha.

Lakini Vonnegut hakuwa anaandika kuhusu barafu. Alikuwa anauliza kama anayegundua anawajibika kwa kinachofuata. Na kwa Bridgman swali hilo halikuwa la kubuni.

Februari 1939 alichapisha tamko fupi katika jarida la Science. Alisema kuanzia sasa hataonyesha mitambo yake wala kujadili majaribio yake na raia wa nchi za kiimla. Wapo waliomsifu na wapo waliosema anaiua sayansi, ambayo haina pasipoti. Miaka michache baadaye vita ikafika kwake. Alipima namna urani na plutoni zinavyobanika, kwa ajili ya mradi wa bomu la atomiki. Mradi huo uliongozwa kisayansi na J. Robert Oppenheimer, aliyekuwa mwanafunzi wake Harvard, na ambaye Bridgman mwenyewe alimwandikia barua ya mapendekezo kwenda kwa Ernest Rutherford mwaka 1925. Bomu lililodondoshwa Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945 lilifanya kazi kwa kubana tufe la plutoni hadi likaripuka. Swali la "kitu hiki kikibanwa kinakuwaje" lilikuwa limetoka kwenye yai na kufika huko.

Mwaka uliofuata, 1946, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa mitambo yake na alichogundua kwayo. Mwaka 1955 alikuwa mmoja wa watu 11 waliotia saini tamko la Russell na Einstein dhidi ya silaha za nyuklia. Alifunga mlango kwa baadhi ya watu, akaufungua kwa wengine, kisha akatahadharisha kuhusu kilichopita mlangoni. Sina hukumu ya kumpa. Ninachoona ni kwamba kizibo kinachojikaza kilitatua tatizo la kuvuja kwa kimiminika, na kwa maarifa hakuna kizibo cha namna hiyo.

Alifariki Agosti 1961 huko New Hampshire, akiwa na miaka 79, mgonjwa wa saratani, kwa mkono wake mwenyewe. Makala zake za majaribio zilitoka mwaka 1964 katika mabuku saba.

Mabuku saba

Hayo mabuku saba ndiyo yaliyonifanya niandike.

Mjomba aliumwa presha kwa miaka mingi. Kiswahili chetu cha mtaani kina neno moja kwa jeki na kwa mshipa, na yeye alipenda kulifanyia mzaha: "Hii ya kwangu ndiyo sili iliyonishinda." Miaka mitatu iliyopita kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Mkono haufanyi kazi na maneno hayatoki, au yanatoka yasiyo yenyewe. Kibanda kimechukuliwa na kijana mwingine anayeuza simu.

Alichokijua kilikuwa kingi. Alijua kwa kugusa oili kama sili imeanza kuliwa. Alijua mpira upi unavimba ndani ya dizeli na upi hauvimbi, na pete za ngozi alizikata mwenyewe pale duka lilipokosa. Hakuandika hata mstari, na mimi, niliyesomeshwa kuandika, sikumuandikia. Simlinganishi na Bridgman, msinielewe vibaya. Bridgman alikuwa na kichwa adimu. Lakini alikuwa pia na daftari, chuma kizuri, na chuo kilichomwacha kijana wa miaka 23 atumie miaka mitatu kuhangaika na vizibo na geji bila kumuuliza faida iko wapi. Mjomba alikuwa na wateja waliotaka jeki yao jioni ileile.

Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia. Nilichukua karatasi nikamchorea uyoga wa Bridgman: kichwa, pete, nati, shina. Nikamweleza taratibu. Aliitazama muda mrefu. Kisha kwa mkono wa kushoto akaigusa pete, akatikisa kichwa kukubali. Halafu akaweka kidole kwenye shina, pale linapopita katikati ya pete, akatoa sauti ya kitu kinachokatika, na kunitazama kama alivyonitazama zamani nikikosea spana.

Nilikuwa sijamwambia. Kanieneo ikipanda sana, shina la Bridgman lilikatika hasa hapo. Pete inalibana kutoka pande zote hadi linakatika, na kipande kinaruka nje kama risasi. Bridgman alikijua kituko hicho vizuri na akakiandika.

Nimenunua daftari. Shangazi anasema asubuhi ndiyo wakati mzuri, kabla hajachoka. Namwonyesha vipuri kimoja kimoja, yeye anagusa, anakubali au anakataa, nami naandika. Tumefika ukurasa wa kumi na nne.